Fungu la Mtu Mmoja

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: ukipewa debe la nyanya, ukatandikiwa gunia chini, ukaambiwa upange mafungu, utajuaje yawe mangapi?

Usinijibu haraka. Mimi nimepanga mafungu ya nyanya sokoni miaka ishirini na sita, na shule niliishia darasa la nne, lakini hilo sikuwahi kuliona kuwa swali. Nilikuwa naangalia nani anakuja. Akija mama mwenye genge la chakula, fungu linakuwa kubwa. Akija mwanamke anayepikia watu wawili, napunguza nyanya mbili naziweka pembeni. Nyanya ni zile zile, ila mafungu yanatokana na mlaji. Nilidhani dunia nzima inafanya hivyo, mpaka nilipofika katika nchi ya Mfanano, na ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Nilifikaje huko, nisikuchoshe. Ukiipita milima yetu ya Upare yote, ukaendelea kwenda ilhali huna cha kukurudisha, unafika. Sababu ya kwenda nilikuwa nayo: mdogo wangu Nakijwa.

Nakijwa aliondoka nyumbani miaka arobaini iliyopita kumfuata mume wa huko. Siku hiyo mama yetu alikuwa kitandani, hainuki. Nakijwa alisimama mlangoni, mkono kwenye kitasa, sanduku lake la bati limeshatangulia nje. Akaniuliza kama nitamweza mama peke yangu. Nami nilikuwa msichana wa kujivunia nguvu zangu. Nikamwambia, "Nenda tu. Mimi natosha." Akangoja kidogo, kama mtu aliyesahau kitu ndani, halafu akaenda. Sura yake ya siku ile imenififia. Kule kungoja kwake hakujafifia.

Mwanzoni tuliandikiana. Kisha, miaka kumi na miwili iliyopita, barua zangu zikaanza kurudi zimegongwa muhuri mwekundu: HAYUMO TENA KATIKA FUNGU HILI. Hawakusema amekufa, wala hawakusema amehama. Nikatuma tena, zikarudi tena. Nikazifunga kwa ukambaa nikaziweka chini ya godoro, na kila nilipogeuka nilizisikia zinachakarika. Mwaka jana nilimzika mume wangu, nyumba ikabaki na sauti ya kuku tu. Nikasema nitakwenda mwenyewe nikajue ni fungu gani hilo ambalo mdogo wangu hayumo.

Mfanano ni nchi safi. Barabara zimefagiwa, na kila baada ya mwendo kidogo kuna uzio wa matete na kibao chenye namba: Fungu la Kwanza, Fungu la Pili, na kuendelea. Kila fungu lina kisima chake, soko lake, njia yake ya kwendea mashambani. Watu wa fungu moja utawatambua tu. Katika Fungu la Tano wote walikuwa wanapika bila pilipili na wanazungumza polepole. Katika Fungu la Tisa wote walikuwa wanacheka kabla mtu hajamaliza kusema, nikapita pale kwa haraka kidogo.

Katika ofisi ya wageni nilipokewa na karani mmoja wa kike, Lusela, mwenye kalamu nne kifuani na adabu nyingi. Alinipa kiti, akanieleza taratibu za nchi, bila papara, kama anayemfundisha bibi yake kutumia simu.

Zamani, alisema, walikuwa na mtawala aliyependa namba saba. Akaamuru watu wote wagawanywe katika mafungu saba, wapende wasipende. Watu wasiofanana hata kidogo wakasukumwa pamoja, na waliofanana kama maharage ya ganda moja wakatenganishwa ili hesabu itimie. Ugomvi wake ulidumu vizazi viwili. Alipokufa, wananchi wakaapa kwamba hakuna binadamu atakayechagua tena idadi ya mafungu. Idadi itajileta yenyewe.

Nikamwuliza inajiletaje.

Mara moja kwa mwaka, alisema, ipo Siku ya Kusimama. Kila mtu anaulizwa maswali tisa, na kila jibu lina hatua zake. Chumvi yako ukisema ni nyingi, unakwenda hatua ishirini upande wa mawio. Ukisema unaamka mapema, hatua kumi na tano upande wa mlima. Ukisema unapenda kurudia hadithi moja, unashuka upande wa bonde. Ukimaliza maswali tisa, mahali uliposimama uwanjani ndipo ulipo wewe. Wanaofanana wanajikuta wako karibu. Kisha wanakuja wapimaji na Kamba. Wanasimika mlingoti kwa mtu wa kwanza, na kila anayefikiwa na Kamba kutoka kwenye mlingoti huo ni wa fungu hilo. Asiyefikiwa na Kamba kutoka mlingoti wowote anasimikiwa wake. Halafu kila mlingoti unahamishiwa katikati ya watu wake, wanapima upya, na tena, mpaka milingoti itulie. Hapo ndipo wanahesabu.

"Hakuna aliyechagua," akasema Lusela, na nilimwona jinsi uso wake ulivyong'aa. "Mwaka jana tulipata kumi na nane. Sisi wenyewe tulishangaa."

Nikamwambia hayo yote nimeyaelewa, ila katika yale maswali tisa sijasikia mahali mtu anapoulizwa anataka kukaa na nani.

Alinitazama kwa huruma. Swali hilo, akasema, liliwahi kupendekezwa. Lakini watu wakisema wanayemtaka, idadi itakuwa imetokana na matakwa yao, yaani itakuwa imechaguliwa. Tutakuwa tumerudi kwa yule mtawala, tofauti ni kwamba watawala watakuwa wengi.

Basi nikamtaja Nakijwa. Akafungua daftari, akashuka na kidole, akashuka tena. "Yupo, bibi. Fungu la Kumi na Nane. Ni fungu dogo."

"Lina watu wangapi?"

"Mmoja."

Nyumba ya Nakijwa ilikuwa mwisho wa barabara inayoishia kwake. Barabara nzima, mitaro pande zote mbili, kwa ajili ya mtu mmoja. Kisima chake kilikuwa na mfuniko mpya. Bendera ilipepea. Yeye mwenyewe alikuwa barazani anapembua maharage kwenye ungo, kichwa kimekuwa cheupe chote, na shingo ameiinamisha upande vile vile kama marehemu mama.

Aliinua macho. Hakupiga kelele, wala mimi. Alisema tu, "Dada, umepungua," nami nikamwambia, "Na wewe umekuwa mama." Halafu tukakaa. Nilitaka kumshika, lakini Lusela alikuwa amenisindikiza na alikuwa bado amesimama langoni, akikohoa kile kikohozi cha kiofisi.

Sheria yao ni hii. Watu wa mafungu mawili wanaruhusiwa kusalimiana kwa mdomo na kuzungumza mchana. Hawaruhusiwi kula chungu kimoja wala kulala chini ya paa moja. Wanasema watu wakila chungu kimoja ndimi zao zinaanza kufanana, na wakilala pamoja wanaanza kuamka pamoja, na hapo vipimo vinaharibika. Mgeni anapewa siku kumi. Akitaka kubaki zaidi, lazima asimame uwanjani kama wengine. Akiangukia fungu la ndugu yake, ni wa kwake, watakaa pamoja mpaka wazikane. Asipoangukia, atapewa nyumba yake mwenyewe huko atakakopangiwa au arudi alikotoka. Siku ya Kusimama ilikuwa baada ya siku nane.

Kwa hiyo nilikuwa na siku nane, na jambo moja tu la kupata.

Kila asubuhi nilitoka nyumba ya wageni na chupa yangu ya chai na andazi langu, nikaenda kukaa barazani kwa Nakijwa. Yeye alikunywa chai yake, mimi yangu. Mchana alipika makande, maana hakuacha kupika chakula cha kwetu, mahindi na maharage vikichemka pamoja mpaka vilainike, na harufu ikaja ikanikalia puani. Alikula akiwa amenipa mgongo. Siku ya pili niliona hali chakula, anakikoroga tu. Nikamwuliza vipi, akasema moshi umemwingia machoni, na jiko lilikuwa limezimika muda mrefu.

Alinieleza ilivyokuwa. Mume wake alikufa wakiwa bado Fungu la Nne. Yeye akabaki humo na wanawake wanne waliokuwa wakisuka naye mikeka, nao wakawa ndugu zake. Kisha ukaja mwaka wa mvua kubwa. Siku ya Kusimama alijibu kama alivyojibu siku zote, akasimama pale pale anaposimama siku zote, na Kamba haikumfikia. Ilibaki hatua tatu. Wenzake wakamwonea huruma sana wakiwa ng'ambo ya zile hatua tatu. Akasimikiwa mlingoti wake, na ule wa wenzake, ukihamishiwa katikati ya waliobaki, ukazidi kumwacha mbali. Barua zangu zilikwenda Fungu la Nne, na kweli, humo hakuwemo. Zake za kuja kwangu hazikutoka, kwa sababu barua hupelekwa na mjumbe wa fungu, na mjumbe wa fungu lake ni yeye, na sheria hairuhusu mjumbe kujipelekea barua zake mwenyewe.

"Na mjumbe tu? Mimi ni mwenyekiti," akasema. "Na katibu. Na wajumbe wote."

Nikacheka, nikidhani ananitania. Akaingia ndani akaleta daftari la mihtasari. Kila fungu linatakiwa kufanya kikao kila mwezi na kuandika, na mkaguzi anapita kusoma. Nakijwa mwandiko wake ni mzuri, alifika la saba. Nilisoma polepole, kidole kikifuata mstari. "Akidi ilitimia. Mwenyekiti alifungua kikao saa tatu. Mjumbe alilalamika kuwa kisima kina chura. Mwenyekiti aliagiza katibu amtoe. Katibu alisema anamwogopa." Hapo tulicheka wote wawili mpaka kanga zikalegea.

Nikafunua ukurasa mwingine. "Mengineyo. Mjumbe aliuliza kama kuna barua kutoka kwa dada. Mwenyekiti alijibu kuwa hakuna. Kikao kiliahirishwa." Nikafunua mwezi uliofuata. Mengineyo. Mjumbe aliuliza kama kuna barua. Nikafunua mwingine, na mwingine, na daftari jingine. Miaka kumi na miwili, kila mwezi, mjumbe aliuliza. Nikalifunga. Nakijwa alikuwa ameshika ungo wake, anapembua maharage yaliyokwisha kupembuliwa.

Sikumwambia kwamba barua zilikuwa chini ya godoro langu. Nilimwambia baadaye, siku ya nne. Aliniomba nimtajie zilikuwa ngapi. Nikamwambia thelathini na moja. Akasema, "Basi nilikuwa na barua thelathini na moja," akainuka akaenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika.

Siku ya tano nilihudhuria baraza lao, maana kulikuwa na mjadala juu ya Kamba na mgeni anaruhusiwa kusikiliza. Wako wa pande mbili. Wa Kamba Ndefu wanasema Kamba irefushwe, watu wakae wengi wengi. Mzungumzaji wao mmoja alikwenda mbali akataka iwe ndefu kiasi cha kuuzunguka uwanja wote, ili nchi iwe fungu moja. Wa Kamba Fupi wakamwuliza, fungu moja maana yake nini, si ni watu tu wamekaa? Wao wanataka ifupishwe mpaka kila mtu awe na mlingoti wake na mfanano uwe kamili, kwa sababu hakuna anayefanana na mtu kuliko mwenyewe. Mwanamke mmoja nyuma akauliza huyo mwenye mfanano kamili ataazima chumvi kwa nani. Akaambiwa aheshimu baraza.

Mjadala huo una miaka sitini. Hauishi, kwa sababu ukiisha, Kamba itakuwa imechaguliwa.

Nikainua mkono, na mwenyekiti, kwa ajili ya mvi zangu, akaniruhusu. Nikawaeleza habari za nyanya. Nikasema kwetu hatuulizi nyanya ziko mafungu mangapi, tunauliza nani anakula. Wakanishukuru. Mtaalamu mmoja akaandika, kisha akasema mfano wa mama ni mzuri, ila nyanya zimeingiziwa mkono wa binadamu, na wao mkono wa binadamu wameuondoa.

Nikauliza Kamba ilikatwa na nani.

Mtaalamu akasema Kamba haikukatwa na mtu. Ilikutwa.

Walinionyesha ilipo. Inakaa katika sanduku la kioo uani kwa mshika Kamba, Mzee Tandilo, mtu mnene mwenye viganja laini. Nilipoiona tu nilijua. Ilikuwa ya katani. Mume wangu alifanya kazi katika shamba la mkonge maisha yake yote, na kamba za katani nimezianikia nguo tangu niolewe. Katani ikilowa inajivuta. Ukifunga mbuzi kwa kamba kavu penye mvua, asubuhi utamkuta shingo imebana. Na zile siku tano zote kulikuwa na manyunyu, sanduku lenyewe limeota ukungu, na Kamba ilikuwa imevimba, ngumu, imejikunja kama mkia wa nguruwe.

Nikamwambia Mzee Tandilo, kwa sauti ndogo, kwamba kamba yake ni fupi. Mwaka ule wa mvua kubwa mdogo wangu hakubadilika kitu. Aliachwa nje kwa hatua tatu za maji. Nikamwomba aianike jua likitoka, hata saa mbili tu.

Alinivuta pembeni. "Bibi," akasema, "unadhani mimi sijui? Kila mshika Kamba anajua. Mwaka wa mvua mafungu yanaongezeka, na wataalamu wanaandika vitabu kwamba mioyo ya watu imeachana. Mwaka wa jua yanapungua, wanaandika kwamba tumependana. Lakini nikiianika, nitaianika kwa muda gani? Lazima niseme, hapa imetosha, huu ndio urefu wake. Nikisema hivyo nitakuwa nimechagua."

"Na usipoianika?"

"Itakuwa ni mvua."

Nilirudi barazani kwa Nakijwa. Nilichokielewa ni kwamba kufanana naye kwa karibu hakutanisaidia, maana Kamba fupi haina msamaha. Lazima nisimame pale pale anaposimama yeye, mguu juu ya mguu. Na mimi na yeye, ukituuliza kwa kweli, hatufanani tena. Mimi chumvi niliiacha kwa ajili ya presha. Naamka jua limeshapanda. Hadithi moja naweza kuirudia mara kumi, kama unavyoona. Nakijwa anatia chumvi kama anayehifadhi samaki, anaamka saa kumi alfajiri, na akishasema jambo amelisema.

Sijazoea uongo. Uzito wa nyanya sikuwahi kuudanganya, ingawa wengine walificha zilizooza chini ya fungu. Lakini siku tatu zilizobaki nilimchunguza mdogo wangu kama mwizi anayepima ukuta. Anakunywa maji kabla ya kula au baada? Akilala anageukia wapi? Anaimba akifanya kazi? Nilizungukia mbali, nikajifanya naongea ya kawaida. Naye alikuwa mchangamfu siku hizo, naye akiniuliza habari za nyumbani, siku hizi naamka saa ngapi, na ile presha imenifanya nipunguze chumvi kiasi gani. Nilimjibu bila kufikiri. Nilikuwa nimeshughulika mno na yangu.

Siku ya Kusimama ilipambazuka na mawingu. Uwanja wao ni mpana kuliko macho, majani yamekatwa sawasawa, na watu wamevaa nguo zao nzuri. Kila mtu anaingia kibanda chake kuulizwa, ili mwingine asisikie. Nakijwa alinishika kiwiko kidogo tulipoachana, pale penye watu wengi ambapo hakuna wa kutuona. Akasema, "Leo jioni, inshallah, makande." Nami nikasema inshallah.

Aliyeniuliza maswali alikuwa Lusela. Chumvi? Nikasema nyingi. Hatua ishirini mawio. Kuamka? Saa kumi alfajiri. Nikaona amesimamisha kalamu, maana siku nane, kila alipopita nyumba ya wageni asubuhi, alikuwa amenikuta bado nimelala, kisha akaandika. Niliendelea hivyo mpaka swali la tisa, ambalo sikulijua: "Ukiitwa jina ghafla, unageukia upande gani?"

Hilo sikuwa nimemchunguza. Nikafumba macho. Nikamwona Nakijwa wa miaka tisa, njia ya kutoka mtoni, mtungi begani kulia, nami niko nyuma namwita nimtishe. Aligeukia kushoto, kila mara, kwa sababu ya mtungi. Nikasema kushoto.

Nikatembea hatua zangu, mpimaji akihesabu kando yangu. Mawio, mlimani, mawio tena. Nilipofika mwisho nikakuta chini shimo la duara limejaa maji: shimo la mlingoti wa mwaka jana. Hapo ndipo alipokuwa akisimama miaka kumi na miwili. Nikaweka miguu yangu kando ya shimo, nikaangalia kama Nakijwa anakuja.

Hakuja. Watu walizidi kujaa mbali mbali, makundi makundi, kama nyanya zilizomwagika. Nikageuka huku na huku. Sheria inakataza kutoka mahali pako mpaka milingoti itulie. Anayetoka anahesabiwa kuwa amevuruga nchi. Nikaangalia upande wa bonde, mbali, hatua kama mia na ishirini, mahali pa watu wasiotia chumvi na wanaochelewa kuamka. Kulikuwa na mtu mmoja tu pale. Kichwa cheupe. Kitenge cha kijani nilichomletea zawadi. Alikuwa ananyoosha shingo, ananitafuta, pale ambapo mimi ningekuwa.

Aliponiona aliweka mkono mdomoni.

Yeye pia alikuwa amenichunguza siku tatu. Alikuwa amekwenda kwangu wakati mimi nimekwenda kwake.

Wapimaji walikuja na Kamba yao iliyolowa. Walipima kwangu, haikufika kwa yeyote, nikasimikiwa mlingoti. Walishuka bondeni, wakapima kwake, haikufika kwa yeyote, akasimikiwa wake. Milingoti mingine ilihamishwa, ikahamishwa tena, ikatulia. Kule mbele wakapandisha namba kwenye ubao: kumi na tisa. Watu wakashangilia. Nilimsikia mtu wa fungu la jirani akimwambia mwenzake kwamba imeongezeka moja, na hakuna aliyechagua.

Kisha ikaja zamu ya kiapo. Wenye mafungu ya mtu mmoja hutakiwa kula kiapo mbele ya nchi nzima, ili isije ikasemwa kwamba wameonewa. Kiapo ni kifupi: Niko peke yangu, na inatosha. Karani anakuletea bomba la bati la kukuza sauti, unasema, unaandikwa, unakabidhiwa bendera.

Lusela alianza na mimi. Alinishikia bomba mdomoni. Nilikuwa na mengi ya kusema, lakini watu maelfu wananitazama, karani ananingoja, na mimi nimelelewa kutosumbua. Kinywa changu kikafanya kilichozoea. Nikasema, "Niko peke yangu, na inatosha." Sauti ilikwenda uwanjani kote, na nilipoisikia ikirudi kutoka mlimani niliitambua. Ilikuwa ile ile ya mlangoni, ya miaka arobaini.

Lusela akashuka bondeni na bomba lake. Mwendo wake ulikuwa mrefu. Nilimwona akimfikia Nakijwa, akimnong'oneza, akimwinulia bomba. Nakijwa alikuwa amekula kiapo hicho mara kumi na mbili na hakuhitaji kukumbushwa.

"Niko peke yangu," akasema. Halafu akangoja. Ule ungojaji niliujua.

Lusela akamsogelea, akamkumbusha yaliyobaki.

"Nimekusikia, mwanangu," akasema Nakijwa ndani ya bomba, bila ukali. "Haitoshi." Akageuza uso kunielekea mimi, ng'ambo ya uwanja wote. "Dada, haijatosha hata siku moja. Siku ile nilishika kitasa nikangoja useme nisiende. Nilitaka kubaki."